Barua ya wazi kwa Waziri wa Madini: fedha za kufunga migodi ya makaa zitengwe sasa

Mheshimiwa Waziri,

Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, bado yana soko, na malori bado yanayashusha bandarini Mtwara. Tunakuandikia sasa kwa sababu mgodi ukishafungwa, wa kudaiwa haonekani. Mgodi wa makaa wa Kiwira ulianza 1988, ukabinafsishwa 2005, na miaka michache baadaye uzalishaji ukasimama, huku madai ya wafanyakazi yakizungushwa ofisi hadi ofisi.

Tuanze na mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, ukomo miaka 10. Kwa kiwango hicho, aliyechimba miaka 20 anaondoka na mshahara wa siku 70. Asiyetimiza miezi 12 mfululizo hapati hata hicho, na hapo ndipo wanapoangukia vibarua wa wakandarasi wenye mikataba mifupi ya kukatika-katika. Fao la kukosa ajira la NSSF nalo linataka michango ya miezi 18. Mkandarasi akikata mshahara bila kuwasilisha mchango, mtu hugundua siku anayofukuzwa. Dawa ni nyepesi: mkandarasi asilipwe ankara ya mwezi kabla hajaambatisha risiti ya michango.

Halmashauri inategemea ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mauzo. Makaa yakiuzwa, fedha inaingia. Yasipouzwa, ni sifuri, na bajeti ya mwaka imeshapitishwa. Kijijini Ntunduwaro pigo la kwanza litampata mama lishe: wateja wake wanakula kwa daftari, wakilipa mwisho wa mwezi. Mgodi ukisimama tarehe 20, mchele na maharage aliyokopa dukani yanabaki deni lake.

Maji yanatutisha zaidi. Ndani ya makaa mna pairiti, chuma kilichoshikamana na salfa. Ikikutana na hewa na maji hutoa asidi. Dalili yake ni tope la rangi ya kutu juu ya mawe ya kijito. Chini ya hapo samaki huadimika. Kuitibu kunahitaji chokaa na mtu wa kupima kila wiki, miaka mingi baada ya lori la mwisho kuondoka. Ujerumani, 2007, iliamua kuacha ruzuku ya makaa ya mawe ya chini ya ardhi ifikapo 2018, ikaunda mfuko unaolipia pampu za maji hadi leo. Wachimbaji walipata miaka 11 ya kujipanga.

Kanuni zetu tayari zinadai mpango wa kufunga mgodi na dhamana ya ukarabati, yaani fedha ambayo mwenye mgodi anaiweka kando ya kurekebisha eneo. Tunaomba, Mheshimiwa, kila ofisi ya kijiji jirani na mgodi ibandikwe karatasi moja ya Kiswahili: dhamana ni shilingi ngapi, iko benki gani, ilikaguliwa lini, na nani ana saini ya kuitoa.