Michirizi Inayopanda Juu

Ndugu yangu wa siku zote,

Salamu nyingi. Nilikuahidi kukusimulia shughuli ya kumkumbuka Mwalimu wetu wa uchoraji, lakini hotuba nitaziruka. Zilikuwa tatu, na zote zilimsifu mzee mmoja mpole ambaye mimi na wewe hatukuwahi kukutana naye. Mpole! Yule aliyekupokonya brashi mbele ya darasa zima?

Picha zake walizipanga kufuata miaka. Unaanzia zile za zamani, ambazo ukikaza macho bado unaona mti au bega la mtu, unaishia kwenye zile za mwisho zilizobakiwa na rangi mbili tu zinazosukumana. Karibu zote nilishaziona, ila moja moja, mle chumbani mwake mwenye harufu ya tapentaini ya kuyeyushia rangi, nyingine zimegeuziwa ukutani kama watoto waliotiwa adabu. Kuzikuta zimenigeukia zote kwa mpigo, miguu iliniishia. Nikatafuta benchi. Pembeni yangu kijana alimnong'oneza mwenzake, "Hii ni picha ya nini?" Nusura nimjibu kwa sauti ya Mwalimu: "Ya bluu. Wewe ulitaka iwe ya nani?"

Sasa nikupe lililonifanya nikuandikie usiku huu huu. Unaikumbuka ile bluu kubwa, tuliyoibeba mimi na wewe ikakwama mlangoni? Siku anaipaka alizidisha tapentaini, rangi ikaanza kuchuruzika, ukakimbia na kitambaa, akakufokea uiache. Basi ile michirizi mitano nimeiona tena jana. Inapanda juu!

Nilisimama mbele yake hadi mlinzi akaanza kunitazama vibaya. Wameitundika kichwa chini, nikajiambia. Na wala wasingekuwa wa kwanza. Mwaka 1961, MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa la New York, lilitundika kazi ya mchoraji Matisse, mashua na kivuli chake majini, juu chini kwa siku 47, watu wakipita tu, mpaka mtazamaji mmoja alipogutuka. Ile ya mchoraji Mondrian ya mistari ya utepe wa rangi, ya mwaka 1941, ndiyo kiboko: mwaka 2022 ikasemwa kwamba huenda imekuwa kichwa chini kwa zaidi ya miaka 75. Wanaoitunza wakaamua ibaki hivyo hivyo, maana ukiigeuza utepe wenyewe unaweza kubanduka.

Nikamfuata msimamizi wa maonyesho. Binti msikivu, hakunicheka. Akanipeleka ofisini, tukatazama picha alizopiga za nyuma ya turubai. Hakuna sahihi wala mshale, ila namba tu, na namba yenyewe imeandikwa kiubavu. Mwalimu huyo!

Hapo ndipo uhakika wangu ulipoanza kuyeyuka. Nilikumbuka kisa alichokuwa akikirudia, cha mchoraji Kandinsky kuingia chumbani mwake jioni giza likianza, akakuta picha nzuri ajabu asiyoijua, kumbe ni yake mwenyewe imelazwa ubavu. Mwalimu alikipenda kisa kile kupita kiasi. Na alikuwa na tabia ya kugeuza turubai katikati ya kazi, kisha anarudi nyuma hatua kadhaa, mikono kiunoni, kama anayemtazama mgeni. Je, kama aliigeuza mwenyewe baada ya rangi kukauka? Basi wao wako sawa, na mimi ndiye ninayetaka kumrekebisha marehemu kwa ushahidi wa michirizi.

Na nikuambie ukweli, ukweli unaoniudhi: ilivyo sasa inapendeza. Ile bluu nzito iko chini, imetulia, na michirizi inainuka kutoka ndani yake kama mvuke. Sikumbuki kama siku ile ilinigusa hivi, au nilikuwa nawaza tu itapitaje mlangoni.

Mimi wiki iliyofuata niliugua, sikwenda darasani. Wewe ulikuwepo. Jaribu kukumbuka: uliporudi uliikuta imesimama vipi? Bluu nzito ilikuwa juu au chini? Binti amesema atasubiri jibu lako kabla ya kuandika chochote kwenye kitabu cha maonyesho. Nijibu mapema, hata mstari mmoja.

Wako, mbebaji mwenzio