Tanga juu ya meza

Nottingham, Uingereza

Somo yangu,

Assalamu alaykum. Mimi sijambo, hofu na mashaka ni juu yako wewe huko Tanga, mama na watoto. Baridi huku imeanza kushika na kazi ya zamu ya usiku ghalani ni ileile, kwa hiyo hayo tuyaache.

Juzi kwenye simu ulinicheka ukaniuliza mtu mzima kama mimi nanunua vijiaskari vya bati vya nini, halafu mtandao ukakatika nisikujibu. Sasa nakujibu kwa kalamu. Mwishoni nina ombi, basi usiishie njiani.

Ninajenga Tanga. Ndiyo, Tanga yetu, ila ni ya Novemba 1914, na yote inakaa juu ya meza ya futi 6 kwa 4.

Mchezo wenyewe unaitwa vita vya mezani. Ulianzia jeshini huko Prussia: mwaka 1824 luteni mmoja, von Reisswitz, aliwaletea wakubwa wake ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi na dadu, maofisa wakawa wanajifunzia humo kupanga mapigano. Leo ni burudani ya watu wanaotoka kazini wakakutana jioni. Na mji huu niliojikuta ninaishi ndio wenye makampuni mengi ya kuchonga na kumwaga vijisanamu hivyo. Games Workshop, wale wa mchezo wa Warhammer, makao yao makuu yako hapahapa, mtaa wa Lenton. Kijisanamu cha kawaida kina kimo cha kama milimita 28. Unakinunua kitupu, rangi ya madini au ya plastiki, kazi iliyobaki ni yako.

Watu wa klabuni kwetu ni mafundi, sikatai. Mtu anakujengea kanisa la Normandia lililopigwa bomu mpaka vigae vilivyoanguka unaweza kuviokota. Lakini waambie wakujengee Afrika: nyasi za manjano, vibanda viwili vya msonge, simba mmoja, basi. Bahari haipo, nyumba ya mawe haipo, reli haipo, hata mnazi mmoja wa kusingizia. Mimi nauita uvivu, na niliwaambia hivyo. Wakanijibu, haya, jenga wewe.

Kisa cha nyuki, cha Waingereza walipokuja kuwapokonya Wajerumani mji wetu katika Vita Kuu ya Kwanza, unakijua tangu utotoni, ila ngoja nikukumbushe hesabu zake. Tarehe 2 Novemba manowari ya Kiingereza, Fox, ilifika bandarini ikamtaka mkuu wa wilaya ausalimishe mji. Nyuma yake kulikuwa na meli zilizobeba wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India chini ya Jenerali Aitken. Badala ya kuingia moja kwa moja, wakaanza kushukia Ras Kazone, kwenye mikoko na majabali. Muda huo von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, anawapakia askari wake kwenye garimoshi kutoka Moshi. Alipowakusanya wote walikuwa kama 1,000 tu. Tarehe 4 Waingereza wakasonga mbele kupitia mashamba ya mpira, minazi na mkonge, hawaonani wao kwa wao. Wengine walifika mpaka mitaani wakapigana nyumba kwa nyumba, wengine wakatimuliwa, na nyuki wakaingia kati. Tarehe 5 wamepanda meli zao, nyuma wameacha bunduki za rashasha 16, bunduki za kawaida mamia na risasi 600,000. Waja leo waondoka leo, somo. Msemo wa kwetu haujawahi kumpata mtu kama ulivyowapata hawa.

Shida ya kwanza ya kujenga ni vipimo. Kwa kimo cha milimita 28, kila kitu kinapungua kama mara 56. Kutoka Ras Kazone hadi mjini ni kama kilomita 3, maana yake meza yangu ingetakiwa iwe na urefu wa zaidi ya mita 50. Kwa hiyo nimechagua kipande kimoja: pale upande wa mashariki wa mji ambapo reli ilichimbiwa chini, kingo huku na huku, Wajerumani wakajipanga hapo. Mashariki ya reli ni mashamba, magharibi ni nyumba za mwanzo za mji. Pwani nimeibana kwenye kona.

Hapo kwenye reli nilipata bahati. Klabuni yuko mzee mmoja mstaafu, maisha yake yote ni treni, na nyumbani kwake ana treni za kuchezea chumba kizima. Akaniuliza reli ya Usambara ina upana gani kati ya chuma na chuma. Nikamwambia mita moja. Akapiga hesabu kichwani: gawa kwa 56, ni milimita 18 kasoro kidogo, reli za treni zake za kawaida zina milimita 16 na nusu. Tofauti ya milimita moja na ushee, nani ataiona? Alinipa kipande cha reli kuukuu bure, ila akanikalisha jioni nzima nikikata taruma moja kati ya kila mawili, yale magogo yanayolaliwa na reli, kwa sababu kwa kimo cha askari wangu yalikaribiana mno. Mzee yule havumilii taruma lililokaa vibaya hata kama limefunikwa na nyasi.

Ardhi yenyewe ni povu gumu, zile mbao nyepesi za buluu ambazo huku hutandikwa chini ya sakafu kuzuia baridi. Unazikata kwa kisu chenye makali kweli, unazibandika kwa gundi nyeupe ya mbao, unapaka gundi tena iliyozimuliwa kwa maji na kumwaga mchanga juu. Kabla ya yote unalipaka povu rangi ya maji iliyochanganywa na gundi, maana rangi ya kopo la kupuliza ina dawa inayolila povu likabaki mashimo matupu. Kwa majabali ya Ras Kazone, yale ya matumbawe yenye vitobo, usikate kwa kisu: lipasue povu kwa mkono, halafu ligandamize na mpira wa karatasi ya fedha ya kufungia chakula uliofinyangwa. Rangi ya kijivu cheusi kwanza, ikauke, kisha brashi kavu yenye rangi nyeupe chafu ipite juu juu tu. Vitobo vinabaki na giza na ncha zinang'aa. Mikoko nimeitengeneza kwa waya wa umeme wa zamani: unauvua ganda, nyuzi za shaba za chini unazitawanya ziwe mizizi, za juu unazisokota ziwe matawi.

Na nyasi, je? Hapa utafurahi. Nyasi ndefu ambazo kila fundi wa Nottingham anazisifia zinatokana na kamba ya katani. Unakata vipande vya sentimita mbili, unavifumua, unavichomeka kwenye gundi. Mkonge wenyewe ulitua kwetu mwaka 1893, alipouleta Mjerumani Hindorf, na leo uko mezani kwangu mara mbili: kama nyasi, na kama shamba la mkonge lenye mistari iliyonyooka. Kila mche nimeukata kwenye karatasi ngumu, majani kama ncha za kisu, na baadhi nimeutilia mlingoti kwa kijiti cha kuchokolea meno. Wenzangu walidhani milingoti ile ni nguzo za simu.

Nyumba nimezifanya za chokaa, zenye baraza na mabati. Bati ni kopo la soda lililokatwa na kuviringishwa juu ya skrubu kubwa mpaka lipate migongo. Nyumba mbili za nyuma ni za makuti, karatasi iliyochanwachanwa kama pindo na kupangwa kuanzia chini kwenda juu, jinsi wapauaji wanavyofanya. Mtu mmoja alianzia juu kwenye nyumba yake ya Vietnam na mvua ingemlowesha, nikamwonyesha.

Sasa vijisanamu, ambavyo ndivyo vilivyonila muda. Askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani wanauzwa tayari: kaki, tarbushi iliyovishwa kitambaa cha kaki chenye kipande cha kukinga shingo, ndege tai wa madini mbele yake, na miguuni vitambaa vya buluu vya kuzungushia. Kombania nyingi zilikuwa bado na bunduki za mwaka 1871 zenye baruti nyeusi. Ukifyatua, moshi unakuchongea. Kwa hiyo kila kikosi kikipiga, mchezaji lazima aweke kipande cha pamba mbele yake, na adui anajua pa kulenga. Kanuni hiyo niliitunga mimi na imekubalika.

Lettow-Vorbeck nimempandisha baiskeli. Usinicheke, ni kweli: usiku wa kuamkia tarehe 4 alipita katikati ya mji uliohamwa kwa baiskeli mpaka bandarini, akaziona meli za Waingereza zimewaka taa. Magurudumu ni waya niliouviringisha kwenye kalamu, spoku ni uzi wa kuvulia samaki. Kijisanamu chenyewe kilikuwa cha ofisa aliyesimama, kutoka kwa mtengenezaji mwingine. Nikamkata miguu kwa msumeno mwembamba, nikatoboa mapaja kwa keekee ya mkono, nikapachika vipini vya waya, na magoti nikayajazia kwa putii. Putii hiyo huja vipande viwili, buluu na njano. Ukiikanda inakuwa kijani na una kama saa moja na nusu ya kuichonga kabla haijakakamaa. Chombo kizuri kuliko vyote ni sindano iliyopakwa mate.

Lakini watu ninaowapenda zaidi hawana bunduki. Wapagazi wanauzwa, ndiyo, ila wote wametengenezwa kwa ajili ya wavumbuzi wa Kizungu wa karne ya 19: kitambaa kiunoni, sanduku kichwani, uso hauna habari. Vita vile viliendeshwa na migongo ya wapagazi mpaka 1918, wakafa kwa makumi ya maelfu, na mtengenezaji akaona nyuso mbili zinatosha kwa wote. Nikawabadilisha. Mmoja nimemvisha kanzu ya putii iliyofungwa kiunoni, mwingine kofia, ambayo ni tone la putii lililodonolewa kwa sindano pembeni kuleta matobo ya nakshi. Nyuso sikuzipaka kahawia moja: kuna mweusi wa maji ya kunde, kuna mweusi hasa, kuna wa Kingazija. Magharibi ya meza nimepanga watu wanaohama mji. Mama mmoja amebeba mkeka na kuku. Alikuwa mwanamke wa Kirumi, wa seti ya soko la kale! Nguo yake ya Kirumi nimeikwangua, nikamfunga kanga mbili. Pindo nimeweza kulichora, na mji wake una madoadoa, ila jina lilinishinda; kwa milimita 28 hata Mungu akikupa macho ya kipanga huwezi. Bwana mmoja wa klabuni aliniuliza huyu mama anapata pointi ngapi kwenye mchezo. Nikamwambia hana pointi, anaondoka zake, na ukimzuia njia unapoteza zamu.

Nyuki nao wana kanuni. Mizinga ni vipande vya kijiti cha mishikaki, sentimita moja kila kimoja, vimening'inizwa kwa nywele ya brashi kwenye miti. Risasi za bombomu, yaani bunduki ya rashasha, zikipita karibu na mti wenye mzinga, rusha dadu. Ikitoka 6, nyuki wametoka: ninaweka waya wenye kijipamba kilichonyunyiziwa pilipili manga ya unga, na kikosi kilicho karibu zaidi kinakimbia, kiwe cha upande wowote. Kuna wanaoamini kuwa Wajerumani waliitega mizinga ile kwa kamba. Ule ulikuwa uvumi tu, maana nyuki waliwauma hata wapiga bombomu wa Kijerumani. Wiki iliyopita tulicheza kwa mara ya kwanza. Aliyeshika upande wa Aitken alikuwa ameshavuka reli, amebakisha nyumba moja tu. Aliyeshika Wajerumani akapiga bombomu kwa pupa, dadu ikatoka 6, na nyuki wakamgeukia yeye mwenyewe aliyepiga. Mtaa wote ukabaki wazi. Waingereza wakaichukua Tanga mezani kwangu, somo, na walishangilia kama timu ya taifa. Nimewaambia tunarudia.

Basi ombi langu ni hili. Rangi ya udongo imenikwaza. Nimeupaka mwekundu, kisha nikapaka wa kijivu, wote hauniingii akilini, na picha za intaneti kila moja ina wekundu wake. Ukipata nafasi Jumapili, nenda Raskazone, kisha upande wa reli pale panapopitika, upige picha za udongo mkavu, saa nne asubuhi jua likiwa limetulia. Weka karatasi nyeupe chini pembeni yake, nami nitaisahihisha rangi huku kwa kuifuata hiyo karatasi. Mchanga wenyewe usitume, forodha ya huku haitaki udongo wa nje. Halafu, kama kingo za reli bado zipo, simama chini umpe mtu akupige picha, nijue kimo kwa kukulinganisha wewe. Mimi nimekisia mita tatu na yule mzee wa treni haniamini.

Kanga ya mama ile ya zambarau, naye mwombe akupigie picha pindo lake kwa karibu. Nina mwanamke wa Kirumi mwingine kwenye boksi.

Nisalimie wote nyumbani, na baba mwambie dawa aliyoagiza imepatikana, anakuja nayo shemeji mwezi ujao.

Wasalaam,
Somo yako