Hata Moshi tuna majira ya kuchipua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wengi wataliona dogo. Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuwa akikariri majira manne ya mwaka kutoka kwenye daftari lake, na nilipomuuliza majira ya kuchipua hufika lini hapa Moshi, alinijibu bila kusita: "Bibi, hayo ni ya Ulaya, sisi tuna mvua na jua tu." Simlaumu, kwa kuwa hata mimi nilikua nikiamini hivyo.

Tangu Juni goti limenifungia ndani, na dunia yangu imekuwa madirisha mawili: la sebuleni linalotazama mashariki na la jikoni linaloelekea mlimani. Mwezi wa Julai jua lilikuwa likichomoza kushoto kwa tanki la maji la jirani, siku zile chache lilipoonekana, maana wingu la kipupwe lilitanda hata Kibo ikawa inajificha siku nyingi mfululizo. Ilipofika mwisho wa Septemba jua lilikuwa limehamia juu ya tanki lenyewe, na sasa linazidi kusogea kulia. Tarehe 22 au 23 ya mwezi huo jua huvuka ikweta kwenda kusini, na kwa hesabu ya wanajimu hapo ndipo majira ya kuchipua huanza kwa nchi zote za upande huu wa ikweta, yetu ikiwamo. Kwa hiyo mjukuu wangu anaishi ndani ya majira anayodhani yako Ulaya, wakati huko Ulaya kwenyewe majani yanapukutika.

Nakubali kwamba yetu hayafanani na yao. London mchana mfupi kabisa wa Desemba haufiki urefu wa saa 8, na mrefu kabisa wa Juni hupita saa 16, ndiyo maana watu wa huko hushangilia kila dakika inayoongezeka. Sisi tulio nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, mchana mrefu na mfupi wa mwaka havipishani hata nusu saa. Dalili zetu, kwa sehemu kubwa, huletwa na joto na unyevu, nazo ni za kimyakimya. Mwenye haraka hazioni.

Kwenye kizingiti cha dirisha la sebuleni nina makopo matatu ya rangi yaliyotobolewa chini. Mmea wa isale, ambao Wachaga hatuwezi kuukosa nyumbani, hauna habari nyingi: mwaka mzima ni kijani, na mabadiliko yake ni jani moja jipya lililojikunja katikati kama karatasi ya barua. Mshubiri nao ni mvumilivu mno kuweza kusema lolote. Kopo la tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Lina ua lile jekundu la mviringo, mfano wa mpira uliochomekwa sindano, ambalo wataalamu wa mimea huliita Scadoxus multiflorus, na ambalo huota lenyewe katika misitu na vichaka vya nchi hii. Majani yake yalinyauka wakati wa baridi, nami nikaacha kulimwagilia, hata binti yangu akataka kulitupa akidhani limekufa. Jumapili iliyopita udongo mkavu ulikuwa umepasuka, na katika ufa huo kumechomoza ncha ya kijani yenye madoadoa mekundu, nene kama kidole cha mtoto. Sikulipa hata tone la maji. Tunguu lililoko chini lilijihesabia siku zake.

Nje ya dirisha mambo yanafuatana kwa zamu. Mjakaranda wa ng'ambo ya barabara umepukutisha majani na unaelekea kuvaa zambarau, kisha Novemba na Desemba itakuwa zamu ya mkrismasi. Mbayuwayu wameanza kujipanga kwenye nyaya za umeme. Hawa ndio ndege ambao Wazungu husema wanawaletea majira ya kuchipua, nao huondoka kwetu kati ya Machi na Aprili kwenda kuwaletea. Huko migombani kahawa imefumba vichomozo vyake ikisubiri mvua, na ikinyesha vizuri baada ya ukavu, baada ya kama siku 10 tu mashamba hunukia asmini.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni nafasi ya mistari michache kila wiki ambamo wasomaji wa Moshi, Arusha na kwingineko wataandika walichokiona na tarehe waliyokiona: ua la kwanza, kumbikumbi wa kwanza kwenye taa, sauti ya dudumizi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutupatia utabiri wa vuli kwa kanda nzima, na tunaushukuru, lakini haitaandika habari za kopo langu wala za mgomba wa jirani yangu, na kumbukumbu hizo wazee wanaondoka nazo.

Mimi nimekwisha kuanza. Mjukuu wangu amepewa kazi ya kupima ile ncha kwa rula kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na leo ameandika sentimita 4, huku akinilalamikia kwamba jana nilisoma rula upande wa inchi.

Ni mimi,
Bibi wa Pasua,
Moshi