Mdhamini wa tamasha aombwe vitu kwa idadi

NDUGU MHARIRI,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na waandaaji wa matamasha ya filamu, pamoja na wenye hoteli, boti na maduka wanaotaka kushirikiana nao. Nitatolea mfano Zanzibar, ambako Tamasha la Nchi za Jahazi, yaani tamasha la filamu la kimataifa la Zanzibar (ZIFF), limekuwa likifanyika tangu 1998, Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe ikiwa kwa miaka mingi ndiyo ukumbi wake mkuu na filamu zikipelekwa hadi vijijini.

Barua nyingi za udhamini hupanga wafadhili kwa dhahabu, fedha na shaba, kisha huahidi ukubwa wa nembo kwenye bango. Meneja wa hoteli akisoma hayo haoni anatakiwa kufanya nini. Mwandikieni hivi: vyumba 4, usiku 6, pamoja na chai ya asubuhi, kwa ajili ya majaji. Hapo atakubali, atakataa, au atasema nina viwili. Na apelekewe barua hiyo Oktoba au Novemba ya mwaka uliotangulia. Tamasha likiwa la Julai, huo ni msimu wa watalii. Anayebisha hodi Mei hukuta vyumba vimeshauzwa, na hapo ukarimu hausaidii. Muandikiane pia nani atalipa kodi ya miundombinu, ambayo Zanzibar hutozwa kwa kila mgeni kwa kila usiku. Chumba cha bure kimewahi kuzua ugomvi mezani pa mapokezi kwa ajili ya kodi hiyo tu.

Vifaa ndivyo vyenye mitego. Kampuni ikisema "tutawapa projekta", ulizeni ina lumeni ngapi, yaani kipimo cha mwanga wake, na taa imetumika kwa jumla ya saa ngapi. Lumeni 5,000 zinatosha skrini ya upana wa mita 8, giza likiwa limeingia kabisa. Lumeni 3,000 zisipite mita 6. Taa iliyokaribia mwisho wa maisha yake huweza kupoteza karibu nusu ya mwanga, kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye boksi si ya kutegemea. Umeme ukikatika ghafla, feni husimama taa ikiwa bado ya moto, na taa huweza kupasuka. Atailipa nani? Kama mkataba hauna sentensi hiyo, urafiki huishia hapo. Wekeni betri ya akiba ya kuiendesha projekta hata dakika 10, ipoe. Jenereta ya kuazima nayo huja na tangi tupu: ya kVA 5 (kipimo cha nguvu ya jenereta) hula karibu lita 2 za petroli kwa saa, basi kwa usiku mmoja wa kazi ya muda wa saa nne, kufunga mitambo na kuonyesha, hesabuni lita 8 na mtaje mnunuzi.

Skrini ya mita 8 kwa 4.5 ni mita za mraba 36. Kusi la Julai, upepo wa kutoka kusini, likiipiga, hilo ni tanga, na nchi za jahazi hazihitaji kufundishwa tanga. Ifungeni kwa vipande vya tyubu ya baiskeli badala ya kamba kavu. Mpira huvutika kabla tundu la kitambaa halijachanika. Kamba za nguzo ziende mbele na nyuma.

Ratiba pia ni sehemu ya makubaliano. Mwezi wa Julai jua huzama kama saa 12 na dakika 20 jioni, na mdhamini hupenda kuhutubia saa 1 watu wakiwa wengi. Kijijini spika zinyamaze mpaka Isha iswaliwe, filamu ianze saa 2, hotuba isizidi dakika 3. Mwenye kuuza pombe asipewe maonyesho ya vijijini hata akileta fedha zote. Wazee wakiondoa ruhusa, uwanja hamtaupata tena.

Kituo cha televisheni kikiwa mshirika, kisiahidiwe filamu nzima. Haki ni ya mtengenezaji, na kwa kawaida tamasha huruhusiwa kutoa kipande kifupi tu cha kutangazia. Andikeni dakika ngapi, na mara ngapi kitarushwa.

Ndani ya siku 14 baada ya tamasha, kila mshirika apelekewe picha za kitu alichotoa kikitumika, idadi ya watazamaji wa usiku huo, na vifaa vyake vikiwa vimehesabiwa mbele yake. Waya za kurefushia umeme zihesabiwe kwanza, kwani ndizo hupotea.

Mpenzi wa filamu,
Unguja