Kaka Kocha, kikapu si namba moja huku

Dallas, Texas
Machi 2025

Kaka Kocha,

Salaam nyingi kutoka huku ugenini. Natumaini wewe, shemeji, watoto na vijana wako wote wa pale Upanga hamjambo. Sisi tu wazima. Baridi imeanza kulegea, na mwanangu ameshatoa viatu vyake vya mazoezi kabatini kabla hata miti haijachipua.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema umewaambia vijana kwamba mpira wa kikapu ndio mchezo namba moja Marekani, kijana mmoja akabisha, na sasa unataka mimi niliyeko huku nimalize ubishi. Kaka, yule kijana yuko sahihi. Usimpe adhabu ya kuzunguka uwanja.

Ngoja nikusimulie Krismasi yetu. Tulialikwa kwa jirani, mzee mwenyeji wa hapa hapa Texas, nyumba imejaa wajukuu. Siku hiyo Mavericks, timu yetu ya kikapu ya Dallas, walikuwa wanacheza na Minnesota katikati ya jiji letu, mwendo mfupi tu kwa gari. Sebuleni kuna televisheni kubwa kama mlango, na inaonyesha futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti, si soka letu: Kansas City wako ugenini Pittsburgh, kisha itafuata Baltimore na Houston. Nikauliza kwa adabu kama tunaweza kuangalia kikapu. Mzee akaniambia karibu sana, ipo televisheni nyingine jikoni. Nikaenda nikasimama jikoni karibu na sinki, mimi na mjukuu wake mmoja wa miaka kumi hivi, tukitazama timu ya jiji letu kwenye kioo kidogo, huku sebule nzima ikishangilia miji mingine.

Na kumbuka kaka, Krismasi ni siku ya kikapu. NBA, ligi ya kikapu ya kulipwa, wamekuwa wakicheza siku hiyo tangu 1947. Lakini safari hii futiboli iliweka mechi 2 kwenye Netflix, na kila moja ikapata watazamaji takribani milioni 24. Mechi 5 za kikapu za siku hiyo zilipata wastani wa milioni 5 na ushei.

Ukipanda juu zaidi pengo linatisha. Fainali ya futiboli, Super Bowl, ya mwezi uliopita, Philadelphia walipowafunga Kansas City 40 kwa 22, ilitazamwa na watu milioni 127.7. Fainali za NBA za mwaka jana, ambazo timu yetu ya Dallas ilikuwemo, kila mechi ilipata wastani wa watu milioni 11 na kidogo. Gallup, kampuni ya kura za maoni, ambao wamekuwa wakiwauliza Wamarekani kuhusu mchezo wanaopenda kuutazama tangu 1937, walirudi kuuliza mwishoni mwa 2023. Kati ya watu 100, 41 walitaja futiboli, 10 besiboli, na kikapu 9. Tisa tu! Nilipoisoma niliumia kidogo, sikufichi.

Nimekaa miaka mingi nikijiuliza kwa nini, maana mwanzoni mchezo wenyewe ulinichosha. Wanacheza sekunde chache, wanasimama, wanapanga, wanaanza tena. Siku moja nikaelewa kwa njia ya kwetu. Timu ya NBA inacheza mechi 82 kabla hata ya mtoano. Ukikosa ya leo, keshokutwa kuna nyingine. Ya futiboli inacheza 17 tu, moja kwa wiki, na ukipoteza tatu mfululizo msimu umeshaingia mchanga. Sasa chukua ile hali ya Kariakoo siku Simba na Yanga wanapokutana, maduka yanafungwa mapema na hata wasiojua mpira wanavaa jezi, uigawie kila Jumapili kuanzia Septemba hadi Januari. Hiyo ndiyo futiboli ya Kimarekani. Wengi kanisani huku wanaangalia saa mahubiri yakirefuka.

Halafu kuna shule. Ijumaa usiku ni ya sekondari, Jumamosi ni ya vyuo, Jumapili ni ya wanaolipwa. Ipo hata sheria ya mwaka 1961 ambayo kwa sehemu kubwa ya msimu inaifanya ligi ya kulipwa iwaachie shule na vyuo siku zao. Hapo Allen, kaskazini ya Dallas, kuna uwanja uliofunguliwa 2012 kwa dola milioni 60, una viti 18,000. Ni uwanja wa sekondari, kaka. Chamazi yote inaingia humo na nafasi inabaki. Nilikwenda Ijumaa moja, nikaona bibi wa miaka themanini na zaidi amevaa jezi ya mjukuu, na pembeni yake mwanaume mtu mzima anamwonyesha mwanawe mahali alipokuwa akisimama yeye alipocheza. Mchezo unaorithiwa hivyo huwezi kuung'oa kwa fainali moja nzuri.

Angalia jiji langu hili. Mavericks walitwaa ubingwa 2011 mbele ya Miami, na mwaka jana wamefika tena fainali. Cowboys, timu yetu ya futiboli, hawajachukua Super Bowl tangu Januari 1996. Wapo wenye watoto wao sasa ambao hawajawahi kuwaona Cowboys mabingwa. Hata hivyo mwaka jana jarida la Forbes limeitaja Cowboys kuwa timu yenye thamani kubwa kuliko timu zote za michezo duniani, zaidi ya dola bilioni 10. Mechi yao ya Sikukuu ya Shukrani ya 2022 dhidi ya New York Giants ilitazamwa na watu milioni 42. Ni mechi ya kawaida ya msimu, na imezizidi mara tatu na zaidi hizo fainali za kikapu nilizokutajia.

Basi nikawa nimekubali kwamba hapa kikapu ni mgeni wa jikoni, kama mimi siku ile ya Krismasi. Mpaka ikaja Februari.

Ile mechi tuliyoitazama jikoni, Luka Dončić, nyota wa Mavericks, alitoka katikati akiwa ameumia shavu la mguu wa kushoto. Mimi na yule mtoto tulimwangalia anaondoka, hatukujua kwamba ndiyo mwisho wa kumwona na jezi ya Dallas. Usiku wa kuamkia Februari 2 ikatangazwa kwamba amepelekwa Los Angeles Lakers, kwa kubadilishana na Anthony Davis na wengine. Asubuhi watu wakaanza kwenda uwanjani wenyewe, bila kuitwa na mtu. Waliweka maua mbele ya sanamu ya Dirk Nowitzki, gwiji wa zamani wa Mavericks. Wengine walileta jeneza. Mimi nilikwenda jioni na mwanangu, nikasimama na watu nisiowajua, wengine wanalia machozi ya kweli, na kulikuwa na ukimya ambao kwetu unauona kwenye matanga. Mzee jirani yangu, mtu wa Cowboys damu damu, alinisimamisha getini kesho yake akanipa pole. Alinipa pole, kaka, kama nimefiwa.

Tangu siku hiyo naona kuhesabu watazamaji kunaeleza nusu ya jambo. Futiboli watu wanapenda timu, na timu ni ya baba na babu. Wachezaji 53, nyuso zimefichwa ndani ya helmeti, wengi wao ukikutana nao dukani hutawatambua. Kikapu watu wanampenda mtu. Wapo 5 uwanjani, wamevaa kaptura na fulana, jasho unaliona, hasira unaiona, unajua anavyotafuna mdomo kabla ya kurusha mtupo wa adhabu. Ndiyo maana kikapu kilivuka bahari na kile kingine kikabaki nyumbani. Unakumbuka fulana yako ya mtumba ya Karume, ile yenye nyota ya bluu kifuani? Uliivaa mpaka ikachakaa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ile ni nyota ya Dallas Cowboys. Lakini namba 23 ya Chicago kila mtoto Dar aliijua ni ya Michael Jordan.

Na usiku wa Juni 2009 unaukumbuka? Tulikesha mpaka karibu saa tisa usiku kusubiri jina la Hasheem Thabeet, siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Memphis wakamchukua wa 2, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Mtoto wa Dar! Baadaye mambo hayakumwendea kama tulivyoomba, lakini kelele zile za Upanga usiku ule bado nazisikia. Kabla yake alikuwepo NBA Mkongo Dikembe Mutombo, Mungu amrehemu, aliyejenga hospitali Kinshasa akaipa jina la mama yake. Na tuzo ya mchezaji bora wa NBA tangu 2019 haijachukuliwa na mzaliwa wa Marekani. Kachukua Giannis Antetokounmpo, mtoto wa Wanigeria aliyezaliwa Athens. Kachukua Nikola Jokić wa Serbia na Joel Embiid mzaliwa wa Yaoundé. Ligi ya kikapu ya Afrika yenyewe ilianzia Kigali 2021, jirani kabisa.

Futiboli nao wanajitahidi. Wanacheza London tangu 2007, mwaka jana walifika São Paulo, na mwaka 2013 kijana wa Kenya aliyetoka kwenye raga, Daniel Adongo, aliingia Indianapolis Colts. Lakini mtoto wa Tandale ataanzia wapi? Kikapu kinataka mpira na ringi. Hii inataka helmeti, pedi za mabega, na wenzako 21.

Hili la pedi lina sababu nyingine ya kunikaa moyoni. Mwanangu amefika miaka 13, amenipita urefu, na kocha wa futiboli wa shuleni kwake anamtaka. Mama yake hataki kusikia. Alikuwa ameketi nami Januari 2023 tulipomwona Damar Hamlin wa Buffalo anaanguka baada ya kumkabili mwenzake, moyo umesimama, wachezaji wamepiga magoti wanalia. Alipona, akarudi kucheza, Alhamdulillah, lakini mke wangu tangu hapo akiona helmeti anageuza uso. Mtoto kwa upande wake anasema rafiki zake wote wako huko, na Ijumaa usiku shule nzima inakuja kuwaangalia, ilhali mechi za kikapu wanakuja wazazi tu. Simlaumu. Nani hataki kushangiliwa na mji mzima akiwa na miaka 13?

Nimemwambia tusubiri mpaka tukutane na wewe. Tutakuja Juni, akishafunga shule, na nataka umchukue kwenye mazoezi yako mwezi mzima, na wale vijana wasiokuwa na viatu vizuri na wanaruka kuliko yeye. Usimwambie lolote kuhusu futiboli. Mfundishe mguu wa kuzungukia, maana anapiga hatua nyingi mno, waamuzi wa huku wanamwachia na mimi inanikera.

Nitabeba mipira 6. Nijulishe kama nichukue namba 7 zote, au nichanganye na namba 5 za wale wadogo. Na ringi ya upande wa barabarani, imeshawekwa nyavu?

Msalimie sana shemeji na wazee.

Ndimi ndugu yako wa Upanga