Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Majengo ya Kale: naomba nywila

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta salama, chini ya paa lisilovuja. Ni ya nne. Tatu za kwanza nilizileta ofisini kwako kwa utaratibu, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na huo muhuri ndio jibu pekee nililopata. Nakala ninazo.

Usiku wa Jumanne, mvua imeshakatika, kipande cha lipu kikubwa kama mlango kilianguka kutoka ukuta wa mashariki wa jengo ninalolisimamia, hatua mbili tu kutoka benchi wanapokaa wageni. Ingekuwa mchana, leo ningekuwa naandika barua ya namna nyingine.

Nikukumbushe, maana una mengi. Miaka mitatu iliyopita ulisimama kwenye ngazi za jengo hili, ukakata utepe, ukatuambia zama za kulinda majengo ya kale kwa daftari zimepita. Droni ikaruka, tukapiga makofi. Vijana wakazunguka siku nne na skana ya leza, hawakubakiza tao wala boriti. Vihisi vya unyevu na vya nyufa vikabandikwa ukutani. Ulisema tatizo litajulikana kabla halijatokea.

Leo vihisi vimekwisha betri, isipokuwa kimoja, ambacho kitaa chake cha kijani bado kinamemeta usiku. Kinampelekea nani habari, sijui. Vipimo vya skana vimo kwenye mfumo ambao nywila yake alikuwa nayo ofisa mmoja, naye akahamishwa. Nikipiga simu naambiwa mfumo unashughulikiwa. Mfumo ni mzima wa afya, Mheshimiwa. Aliyefungiwa nje ni mimi.

Kanisa kuu la Notre-Dame la Paris liliungua tarehe 15 Aprili 2019. Miaka kadhaa kabla yake, mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon alikuwa amelipima kwa leza, nukta zaidi ya bilioni moja. Alifariki 2018, moto hakuuona. Lakini vipimo vyake vilikuwa miongoni mwa vilivyowafaa waliolijenga upya, na Desemba 2024 milango ikafunguliwa tena. Yule ni marehemu na faili zake zilifunguka. Wa kwetu yu hai, kahamishwa tu.

Mimi nimerudia daftari. Juu ya ufa wa ngazini nabandika kipande chembamba cha kioo kwa plasta, naandika tarehe kwa penseli. Kioo kikipasuka, ukuta umesogea. Mwaka huu vimeshapasuka viwili. Naweka rula pembeni, napiga picha kwa simu yangu, natuma kwa bando langu kwenye barua pepe isiyojibu. Simu ilijaa nyufa hadi nikafuta picha za harusi ya binti yangu. Mama yake hajanisamehe, na ana haki.

Lipu imeanguka kwa nini? Nadhani ni ule ukarabati wa mwaka juzi, walipopiga saruji juu ya ukuta wa chokaa. Chokaa hupitisha unyevu, saruji huufungia ndani, chumvi nazo hutafuta pa kutokea. Au labda ni mfereji wa paa ulioziba, niliouripoti mara mbili. Au vyote. Kwenye fomu mliyotugawia siku ya mafunzo, penye aina ya ukuta pameandikwa saruji, tofali na "nyingineyo". Chokaa haimo. Jengo hili limesimama kwa "nyingineyo" zaidi ya miaka mia.

Na jibu lipo! Ukuta ule ulipimwa kabla ya saruji. Upimwe tena leo, vipimo viwili vilinganishwe, tujue umevimba wapi na kwa kiasi gani. Mashine zile zililetwa kwa kazi hiyo, sikudhani zililetwa kupigwa picha na wakubwa.

Nilikusudia kuomba betri, mafundi wanaojua chokaa, na mtu wa kupima upya. Nimeyafuta yote. Naomba nywila. Iandikwe kwenye karatasi, itiwe kwenye bahasha, nitaifuata mwenyewe kwa miguu. Naiomba wiki hii, kwa sababu nasikia mafundi wanakuja Jumatatu kuziba palipoanguka, na mifuko ya saruji imeshashushwa uani.

Nywila tu, Mheshimiwa.

Mtumishi wako,
Msimamizi wa jengo, mwaka wa 19 kazini