Idi, hizo hesabu zako za Superman

Mbagala, Jumapili usiku

Kwako Idi,

Salaam nyingi. Sisi wazima, mama anakusalimia na anauliza Mwanza kuna nini mpaka umesahau njia.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya daladala, kosa langu. Ulivyokuwa unapiga kelele, abiria wa pembeni alidhani nimefiwa. Haya, nakubali: mwaka 2025 nyie mashabiki wa muvi za DC mmetupiga sisi wa Marvel. Superman yenu imevuka dola milioni 600 za tiketi dunia nzima, Fantastic Four yetu ikaishia milioni 520 hivi. Hilo sibishi. Ninalobisha ni hilo neno ulilokuwa unapigia kelele, kwamba nyie DC "tumerudi".

Chukua kalamu. Man of Steel ya 2013 iliingiza kama milioni 670. Batman v Superman ya 2016 ikaingiza milioni 870 na ushee. Zote mbili zimeizidi hii mnayoipigia vigelegele, na ile ya pili wewe mwenyewe uliiita mkosi. Inakuwaje yenye hela nyingi iwe msiba, yenye hela pungufu iwe harusi?

Unakumbuka siku ile tulipoitazama kibanda umiza? Tumebanana kwenye benchi, feni inazunguka bila upepo. Batman kamkanyaga Superman shingoni, mkuki mkononi, tunasubiri mtu afe. Superman anataja Martha, Batman ananywea. DJ wa kututafsiria, aliyekuwa hakosi neno, kimya. Ndipo yule mzee wa kahawa akauliza kutoka nyuma: "Kwa hiyo wameacha kupigana kwa sababu mama zao majina yamefanana?" Kibanda kizima kikaangua kicheko, na hakuna aliyemwogopa tena steringi yeyote mpaka muvi inaisha.

Kumbe Marekani nako wengi waliguna hivyohivyo, ila kule miguno inahesabika. Wikiendi ya kwanza ziliuzwa tiketi za milioni 166. Ya pili zikabaki za milioni 51. Wa mwanzo walilipia yale majina mawili makubwa. Waliofuata walishasikia kwa jirani. Wiki sita baadaye sisi tukaleta Civil War, nayo masteringi wanatwangana wenyewe kwa wenyewe, ikapita bilioni moja duniani. Tangu hapo mkawa wagonjwa machoni pa watu. Aquaman ikapita bilioni, Joker nayo kwa bajeti isiyofika hata milioni 100, lakini kila mara ilisemwa "aa, hiyo imebahatisha tu." Ndiyo maana milioni 600 leo zinaonekana muujiza: mgonjwa kaomba uji.

Na sisi, usicheke, tumeumwa ugonjwa wa pili, wa tajiri. Endgame ilipofika karibu bilioni 2.8 mwaka 2019, tukajua kila muvi yetu ni bilioni. Ikaja The Marvels 2023, milioni 206 kwa shida, hata The Flash yenu iliyochekwa iliizidi. Nilikaa kijiweni nikasingizia mgomo wa waigizaji. Mgomo ulikuwepo kweli, ila rohoni nilijua: watu walikuwa wameshaona kwamba ukisubiri miezi michache utaitazama nyumbani, tena kuielewa ilibidi uwe umefuatilia tamthilia za Marvel za mtandaoni. Nani ana bando hilo?

Halafu kuna yule dada mwigizaji, mzaliwa wa Kampala, Florence Kasumba. Kwetu ni Ayo, mlinzi wa Wakanda, ile nchi ya Black Panther. Kwenu, Wonder Woman ya 2017, ni seneta wa Waamazoni. Mwenzetu kala pande zote mbili, mimi na wewe tukanuniana wiki nzima kwa ajili ya Batman.

Dau letu la nani atauza zaidi silikimbii. Ukishuka stendi ya Magufuli nipigie, chipsi mayai yako utaikuta. Mishikaki hatukusema.

Wako,
Hamza